Nilimfukuza mtani kwenye mazishi ya Bibi

Ijumaa. Jua kali, upepo wa vumbi, na herufi A ya kompyuta hii inaganda kila nikiigusa.

Shajara, leo usiniulize hali. Niko mjini, kwenye duka la intaneti karibu na stendi. Nimetumwa sukari na majani ya chai ya kesho, na badala ya kurudi Ihumwa moja kwa moja nimejificha hapa kuandika. Nywele zangu zinanuka samaki. Mwenye duka ameigeuza feni upande wake bila hata kuona aibu, na wala simlaumu.

Nimechoka. Nimechoka na ukoo, na mila, na barabara ya Mtera, na zaidi ya yote nimechoka kuwa mtu ambaye kila jambo lazima aelezwe, halafu haelezwi.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitaonekana mwendawazimu.

Bibi yangu mzaa baba alifariki Jumapili, nyumbani kwake Ihumwa. Tulimzika Jumanne. Na siku hiyo ya Jumanne, mbele ya ukoo mzima, mbele ya mchungaji na kwaya, nilimfukuza mtani wa Bibi kaburini. Nilimfukuza kweli kweli, kwa kidole na kwa sauti.

Kama umekulia nchi hii, hapo umeshashika kichwa. Mimi sikushika kichwa. Mimi nilijiona shujaa.

Kwa wanaoipitia shajara hii mtandaoni mara ya kwanza, ingawa nadhani wanaonisoma ni mama yangu na mtu mmoja wa Morogoro asiyetaja jina: mimi ni Eunike, Mgogo wa kwenye makaratasi. Baba ni wa Ihumwa, Mama ni wa Tanga, mimi nimezaliwa Lusaka kwa sababu Baba alikuwa mhasibu wa ubalozi. Nilipoanza kuzoea Lusaka akahamishiwa Ubelgiji, na huko ndiko nilikokulia. Shuleni Kiingereza, mtaani Kifaransa, jikoni Kiswahili cha Mama cha kule Tanga. Kigogo kilikuwa kitu ambacho Baba alizungumza kwenye simu, mara moja moja, kwa kupiga kelele, mlango ukiwa umefungwa.

Tuliporudi nyumbani, ile nchi aliyokuwa akituhadithia haikuwepo tena. Alituhadithia foleni za sukari, maduka ya ushirika, vitambaa vya sare ya shule vya aina moja nchi nzima. Tukakuta kila kona kibanda cha vocha, marobota ya mitumba yamemwagwa barabarani, redio za watu binafsi zikishindana kupiga muziki. Shirika ambalo Baba alitegemea kurudi kufanyia kazi lilikuwa limeuzwa. Alizunguka Dar es Salaam na vyeti vyake kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, na nakiri kwamba jambo hilo lilinifariji kidogo. Angalau tulikuwa wawili.

Yeye akabaki Dar kupambana na soko huria. Mimi nikapata kazi ya muda ya kutafsiri nyaraka hapa Dodoma, ile ya wakati wa vikao vya Bunge, na ikaamuliwa bila mimi kuulizwa kwamba nitaishi kwa Bibi.

Bibi.

Kila asubuhi alinisalimia, "Mke mwenzangu, umeamka?" Kisha alilalamika kwamba namwibia mume, yaani Babu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Mimi nilimjibu kwa heshima zote kwamba mimi si mke wa mtu. Wakija wageni alinitambulisha hivi: "Huyu ni mtumba wangu kutoka Ulaya. Daraja la kwanza. Haujatoboka popote." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi niliingia ndani nikalia. Humu humu kwenye shajara niliwahi kuandika kwamba naishi na mwanamke anayenionea aibu. Maandishi hayo bado yapo, mwenye muda ayatafute. Siyafuti.

Halafu kulikuwa na Mama Kikoti.

Mama Kikoti ni Mhehe, muuza samaki wa Mtera. Kila mwezi alipanda lori na magunia yake ya samaki wakavu, akauza sokoni, na akalala kwa Bibi. Aliingia bila hodi, akafunua masufuria, akatangaza kwamba ugali wa uwele wa Wagogo hata kuku wanaukimbia. Bibi naye alimwambia mtoto wa jirani akamfunge mbwa ndani haraka, Mhehe amefika na ana njaa. Walitukanana hivyo kuanzia chai mpaka chakula cha jioni. Nilikuwa nashangaa kwa nini Bibi anamkaribisha adui yake kila mwezi na kumtandikia kitanda chake mwenyewe.

Nilimuuliza shangazi yangu, Yusta, dada mkubwa wa Baba. Akasema, "Wale? Watani wale." Basi. Kana kwamba neno hilo peke yake lilitosha. Nilijua maana yake, kwamba kabila fulani hutaniana na kabila fulani. Nilidhani ni mizaha ya vijiweni, ya watu wakiwa na furaha zao. Hakuna aliyeniambia kwamba inakwenda mpaka kaburini.

Jumanne hiyo jeneza liko uani, kwaya inaimba, mimi nimekaa kwenye mkeka na wajukuu wenzangu najitahidi nisianguke. Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Akatoka Bibi.

Nasema Bibi kwa sababu moyo wangu kwa sekunde ulimwona Bibi. Khanga yake ya zambarau, fimbo yake, mgongo ule ule. Kisha akakohoa kile kikohozi. Kikohozi ambacho mimi nilikisikiliza wiki nzima iliyopita, nikiwa nimeshika beseni. Alikuwa Mama Kikoti.

Alizunguka kati ya waombolezaji akiwachokoa kwa fimbo. "Nani kakupa chai wewe? Rudisha! Sukari yangu hiyo!" Watu wakacheka. Kwenye msiba, watu wazima, macho bado mekundu kwa kulia, wakacheka. Mchungaji mwenyewe aliinamia kitabu chake na mabega yalikuwa yanatikisika.

Msiba mmoja tu nilikuwa nimewahi kuhudhuria, wa mfanyakazi mwenzake Baba kule Ubelgiji. Makoti meusi, kinanda, watu wakinong'ona, halafu biskuti ndogo kwenye sahani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na Mama alinifinya kwa sababu viatu vyangu vilitoa sauti. Hicho ndicho nilichokuwa nakijua kuhusu kuzika watu.

Tulipofika kaburini Mama Kikoti akakaa juu ya lile rundo la udongo, akanyoosha miguu, akapiga kelele kuelekea kwenye jeneza. "Amka, mvivu wewe! Uwele haujatwangwa, wewe umelala! Hazikwi mtu hapa leo!"

Ndipo nikainuka.

Nilimpokonya fimbo. Nilimvua ile khanga mabegani, mbele za watu, kwa kuivuta. Nikamwambia atoke, hana adabu, aondoke kwa bibi yangu. Kiswahili kilipoisha niliendelea kwa Kifaransa. Hakuna aliyeelewa maneno yale, lakini kidole wote walikielewa.

Mama Kikoti akasimama. Akajipangusa vumbi. Hakunitukana, hakunifokea. Alisema kwa sauti ya chini, "Poleni kwa msiba," kama anavyosema mpita njia, akaondoka. Wahehe wengine waliokuwapo, watu wa mjini waliokuja na majembe kusaidia kufukia, wakayaweka majembe chini na kumfuata.

Tulimalizia kumzika Bibi wenyewe. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema neno, ulisikika udongo tu. Nilikuwa nimepata yale mazishi ya kimya niliyoyataka. Yalikuwa mabaya sana.

Jioni yake Baba alinifuata nyuma ya nyumba. Mtu aliyekaa meza moja na mabalozi, alisimama pale anachora ardhi kwa ncha ya kiatu.

"Mtani huwa hakasirikiwi, Eunike," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua."

Shajara, nikifa leo naomba maneno hayo yaandikwe kwenye kaburi langu. Nilidhani unajua. Nimeambiwa hivyo nilipompa mkono wa kushoto mkwe wa mtu. Nimeambiwa hivyo nilipokula kabla ya wazee kunawa, na niliposahau shikamoo kwa mama mdogo ambaye nimemzidi umri. Lusaka niliambiwa, Ubelgiji niliambiwa, na hapa kwetu naambiwa kuliko kote. Kila mahali kuna kitu ambacho watu wote walikinywa na maziwa, na mimi siku hiyo sikuwepo.

Ukoo ulikaa. Uamuzi aliuleta Shangazi Yusta, akiwa amejifunga khanga kiunoni kabisa. Matanga yanaanuliwa Jumamosi, na hayawezi kuanuliwa bila watani. Mama Kikoti asipokuja, itasemwa kwamba mama yao alisindikizwa kama mtu asiye na watu. Mimi ndiye niliyemfukuza, mimi ndiye nitakayemleta.

"Na asipokubali?" nikauliza.

"Asipokubali," akasema Shangazi, "na wewe utuambie, hapa kwetu wewe ni nani."

Alisema bila ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali.

Basi jana alfajiri tukapanda lori linalokwenda tupu Mtera kupakia samaki, mimi na Shangazi tumebanana mbele na dereva. Njia nzima nilimbembeleza anifundishe la kusema. Huyu ni mwanamke ambaye hanyamazi hata akilala, lakini jana aliangalia vichaka tu. Mwishowe akasema, "Nikufundishe utani? Kwani ni hesabu?" Dereva akacheka. Nikajitungia mwenyewe kichwani, kama nilivyofundishwa shuleni: kwanza unakiri kosa, pili unaeleza hali yako, tatu unaomba msamaha bila masharti. Nilikuwa na pakiti ya biskuti kwenye mfuko.

Mtera ni maji mengi yaliyokaa katikati ya ukame kana kwamba yamepotea njia. Miti iliyozama wakati wa kujengwa bwawa bado imesimama humo, mikavu. Tulimkuta Mama Kikoti kwenye kichanja chake akigeuza samaki juani. Shangazi akamwamkia kwa Kihehe, "Kamwene," akaitikiwa. Mimi nikapiga goti kabisa kwenye magamba ya samaki, shikamoo, nikatoa hotuba yangu yote. Kukiri, kueleza, kuomba. Sauti ilinitetemeka mahali panapotakiwa.

Akaniinua kwa mikono miwili. Akatabasamu.

"Sina neno na wewe, mwanangu. Wewe ni mgeni wetu. Mgeni akikosea anaelekezwa tu."

Nilishusha pumzi. Nilikaribia kumkumbatia. Nikamgeukia Shangazi nione kama amefurahi, nikamkuta ameinamisha uso.

"Kwa hiyo Jumamosi utakuja, Mama?"

"Jumamosi nina kazi, mwanangu. Nitatuma salamu za rambirambi."

Shangazi akaninong'oneza kwamba salamu za rambirambi hutumwa na majirani na maofisa. Mtani hatumi salamu. Nikaanza kuelewa kwamba nimesamehewa vibaya.

Na adabu ikaanza. Shajara, sijawahi kuadhibiwa namna ile. Aliniletea kiti, cha pekee chenye mgongo. Aliniletea meza ndogo akaitandika kitambaa cha kufumwa. Alimtuma mtu soda, ikafutwa vumbi mbele yangu. Maji ya kunywa aliyachemsha upya "maana tumbo la mgeni halijazoea". Shangazi na watu wa nyumbani walikaa chini, kwenye mkeka, kuzunguka sinia moja, wanaongea na kugombania vichwa vya samaki. Mimi nilikaa juu, peke yangu, kama waziri aliyekuja kuzindua kisima.

Kisha akaniletea samaki wangu kwenye sahani ya maua. Na uma.

Sijui alikoutoa. Uma wa chuma wa zamani, meno mawili yameinama. Akauweka kulia kwa sahani, vizuri kabisa, akasema, "Karibu, mgeni."

Kuna uma wa namna hiyo katika kila nyumba niliyowahi kuingia nchi hii. Unatolewa mahali unapofichwa, unapanguswa kwa khanga, unawekwa mbele yangu, na wote wanasubiri waone. Mara zote nimeutumia na kusema asante. Jana nilichoma yule samaki, uma ukateleza. Nikachoma tena. Alikuwa mkavu kama gome. Jino moja la uma likapinda kabisa.

Nikautupa.

"Sitaki uma!" nikapiga kelele. "Mimi si mgeni! Nimeosha miguu ya Bibi, nimemwaga mkojo wa Bibi, mimi si mgeni wa mtu! Na huyu samaki wako ni mgumu, hata panga haliingii! Bibi alikuwa anakununulia kwa huruma tu! Ukigeuza mgongo anampa paka, na paka naye anakwenda kumfukia nyuma ya choo!"

Ilikuwa kweli. Nimemwona paka yule kwa macho yangu.

Kwenye mkeka mikono yote ilisimama hewani. Shangazi alifumba macho. Mimi nilikuwa nimesimama, nimeshaanza kufikiria nitamwambia nini Baba.

Mama Kikoti aliuokota ule uma.

"Paka gani?" akauliza. "Yule wa kijivu?"

"Yule wa kijivu."

"Yule paka si nilimpa mimi!" Akapiga mapaja. "Nilimletea mimi mwenyewe, kwenye kikapu, aje afukuze panya! Mgogo huyu! Mwongo huyu! Miaka yote ananiambia, samaki wako mtamu, Mama Kikoti, niachie na wa kesho!"

Akacheka. Alicheka mpaka akajiegemeza kwenye ukuta, na Shangazi akacheka, na watu wote wa pale. Halafu sauti ikabadilika katikati ya kicheko, nikaona kwamba analia. Alilia kwa kelele, mikono kichwani, akimwita Bibi kwa jina lake la usichana. Akamwambia amka, mwongo wewe, njoo unieleze habari za paka. Alilia kama ambavyo Jumanne hakulia.

Jumanne hakulia kwa sababu hakufika hapo. Nilimkatiza. Ile khanga na ile fimbo na kile kikohozi vilikuwa ndiyo kilio chake, alikuwa bado anakielekea, mimi nikamvua mbele za watu. Alikuwa amempoteza rafiki wa maisha yake, na mimi nilimnyima kumlilia eti kwa heshima ya marehemu. Naona haya mpaka sasa ninapoandika, na A inaganda, na nimeudhika na mimi mwenyewe kuliko na mtu yeyote.

Nilikaa kwenye mkeka. Hakuna aliyenikaribisha, nilikaa tu. Mtu akanisogezea sinia.

Baadaye, tukiwa tunapasua samaki wabichi, kwa sababu sasa nilikuwa mtu wa kupewa kazi, Mama Kikoti aliniambia jambo ambalo sijui niliweke wapi. Alisema Bibi alikuwa akininung'unikia kwake. "Mke mwenzangu hajui kujibu," alikuwa akisema. "Namtania mpaka nachoka, ananitolea macho tu. Nangoja siku anijibu."

Miaka miwili, shajara. Miaka miwili kila asubuhi mtu ananingoja, na mimi nadhani nasemwa. Ningeweza kumwambia kwamba mume wake ni mzee na simtaki. Ningeweza kumwambia kwamba kama mimi ni mtumba basi yeye ni kaniki. Majibu yamenijaa tele sasa. Yanakuja usiku, yanakuja barabarani, yamekuja hata nikiwa kwenye duka la sukari, mazuri mazuri, na hakuna wa kumpa. Nina hasira na Baba ambaye alidhani najua. Nina hasira na Bibi pia, maana angeweza kusema siku moja tu, mjukuu wangu, huu ni utani, nijibu. Lakini najua asingesema. Ukishausema hivyo si utani tena.

Leo asubuhi wakati tunaondoka nilimuuliza tena kama atakuja kesho. Nilimuuliza bila kupiga goti.

"Nitakuja," akasema. "Lakini marehemu simuigi tena, nimemchoka. Kesho nakuiga wewe."

Na hapo hapo, mbele ya dereva na wapakizi, akaanza. Alitembea kwa vidole kama anakwepa madimbwi. Akafuta mdomo wa chupa kwa ncha ya khanga, mara tatu, huku ameinua kidole kidogo. Akasema "samahani sana" kupitia puani kwa kila mtu aliyepita, pamoja na mbuzi. Wapakizi walikaa chini kwa kucheka. Shajara, ilikuwa ni mimi mtupu. Sikujua kwamba naonekana hivyo na sikuipenda hata kidogo.

Nikamwambia, "Afadhali mimi. Wewe ukitembea hata punda wanakuonea huruma."

Halikuwa tusi la maana. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza. Lakini alisimama, akanishika shavu kwa vidole vyenye magamba, akamwambia Shangazi, "Huyu anakuja. Taratibu, lakini anakuja." Kisha akanigeukia. "Na ile suruali yako ya jinzi niikute ni safi. Nitaivaa kesho."

Mama Kikoti ni mwanamke mpana. Suruali yangu haitavuka magoti yake. Atailazimisha mbele ya ukoo wote, mbele ya mchungaji na kwaya, na itapasuka, nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Ni suruali ninayoipenda kuliko zote, nimekuja nayo kutoka Ubelgiji, na hakuna marobota ya mitumba hapa Dodoma yenye suruali kama ile. Nimetafuta.

Nilipomweleza Baba mchana huu, aliacha alichokuwa akifanya. Halafu akasema kwa upole kwamba mgeni huwa haigwi. Nilitaka kumwambia kwamba hilo nalo angeniambia mapema. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa, nikamwacha.

Mwenye duka ananionyesha saa. Sukari iko miguuni, majani ya chai nimeyakalia. Kesho kukicha kutakuwa na watu wengi na maneno mengi, na mengi yake sitayaelewa.

Suruali nimeiacha Ihumwa, kwenye kamba ya Bibi. Nimeifua mara mbili.